Shule ya sekondari ya miji minne: ni ya nani, nani analipa, na nani anaamua?

Swali. Mimi ni Mtanzania ninayesomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo Amherst, nchini Marekani. Kwa sababu ya bei za nyumba tumepanga nje kidogo, katika mji wa Shutesbury. Binti yetu mwenye miaka 15 amemaliza kidato cha pili Tanga na anakuja kuungana nasi kwa viza ya mtegemezi. Tumeambiwa kwamba shule ya Shutesbury inaishia madarasa ya msingi, na kwamba atasoma Amherst, katika shule ya sekondari ya kanda. Majirani nao wanasema mkutano wa mji huenda ukaikataa bajeti ya shule hiyo. Je, shule hii ni ya nani hasa? Tutadaiwa ada kwa kuwa hatuishi Amherst? Mkuu wa shule anawajibika kwa nani, na bajeti ikikataliwa mtoto wetu atasoma wapi?

Jibu. Ndugu mzazi, nianze na lile ambalo nadhani linakunyima usingizi: hamtadaiwa ada. Sheria ya Massachusetts inampa kila mtoto haki ya kusoma katika shule za umma za mji anamokaa, na mji wa Shutesbury umeitimiza haki hiyo kwa upande wa sekondari kwa kuungana na Amherst, Pelham na Leverett kuendesha shule kwa pamoja kuanzia darasa la saba hadi la kumi na mbili. Kwa hiyo binti yako haendi Amherst kama mgeni aliyehisaniwa. Anaingia katika shule ambayo mji wake ni mmoja wa wenye mali. Tahadhari moja tu hapa. Akiwa na viza ya F-2 kama mtegemezi wako, anaruhusiwa kusoma sekondari ya umma kwa muda wote bila malipo. Mtu akikushauri umbadilishie viza iwe ya mwanafunzi, yaani F-1, usikubali, kwa maana mwenye F-1 hufungwa na sheria nyingine: miezi 12 tu katika sekondari ya umma, na gharama kamili ya masomo hulipwa na familia.

Sasa tuje kwenye swali lako la msingi, la mwenye shule. Neno «wilaya», tunalolitumia kutafsiri jina la mamlaka za shule za Marekani, limewapotosha wengi wetu. Kwetu wilaya ina mkuu wake, ina mkurugenzi wa halmashauri, hospitali, barabara, na humo ndani ana ofisi afisa elimu wa sekondari. Wilaya ya shule ya Marekani haina chochote kati ya hivyo. Kazi yake ni shule na hakuna nyingine. Katika miji mingi ya Massachusetts, ambayo kwa jumla ni 351 midogo kwa mikubwa, shule ni sehemu ya serikali ya mji wenyewe. Wilaya ya kanda ni kiumbe tofauti. Inazaliwa pale miji miwili au zaidi inapotia saini makubaliano chini ya sura ya 71 ya sheria za jimbo, na baada ya hapo inakuwa na nafsi yake kisheria: inamiliki au kukodi majengo, inaajiri, inakopa, inashtaki na kushtakiwa. Jambo moja tu haikupewa, nalo ndilo ufunguo wa yote unayoyasikia kwa majirani zako. Wilaya ya kanda haiwezi kutoza kodi. Kila senti isiyotoka serikali ya jimbo, serikali kuu, au vyanzo vyake vidogo, lazima iiombe kwa miji wanachama, na miji hiyo lazima iipigie kura.

Ili uone kwa nini watu walikubali mpango mgumu namna hii, angalia ramani. Massachusetts ni mahali ambapo shule za sekondari za umma zina historia ndefu kuliko popote Marekani: ya kwanza ilifunguliwa Boston mwaka 1821, na sheria ya mwaka 1827 ikaulazimisha kila mji wenye familia 500 au zaidi kuwa na shule ya namna hiyo. Lakini vilima vya magharibi mwa jimbo vimejaa miji ambayo haijawahi kukaribia idadi hiyo. Hata leo Pelham, Leverett na Shutesbury kila mmoja una wakazi chini ya 2,000, wakati Amherst ina karibu 40,000 ukihesabu na wanafunzi wa vyuo. (Upande wa mashariki wa Shutesbury na Pelham kuna bwawa la Quabbin, ambalo lilimeza miji minne iliyofutwa rasmi mwaka 1938 ili Boston ipate maji ya kunywa. Wazee wa maeneo hayo bado wanaikumbuka habari hiyo kila wanaposikia mtu akisema mji mdogo uungane na mkubwa.) Mji wa watu 1,700 hauwezi kumwajiri mwalimu wa fizikia, mwalimu wa Kilatini, mshauri wa vyuo na kocha wa riadha kwa ajili ya vijana wachache wa rika moja. Hivyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia jimbo lilifungua njia ya miji kuchangia sekondari bila kuvunja mipaka yake, na miji mingi ya aina hii ikaifuata.

Mipaka haikuvunjwa kweli, na hapo ndipo mzazi mgeni anapochanganyikiwa. Shule ya msingi ya Shutesbury ni ya Shutesbury peke yake, ina kamati yake ya shule, na msimamizi mkuu wake, yaani mtendaji mkuu aliye juu ya wakuu wa shule, ni wa muungano mwingine kabisa unaoitwa Union 28, ambao Shutesbury na Leverett zimo pamoja na Erving, New Salem na Wendell. Shule za msingi za Amherst na Pelham ziko chini ya msimamizi mkuu yuleyule anayesimamia sekondari ya kanda. Familia yenye mtoto mmoja darasa la nne na mwingine la kumi huko Shutesbury ina wasimamizi wakuu wawili, kamati mbili na wakati mwingine kalenda mbili za likizo. Wakikwambia «hilo halituhusu, uliza upande wa pili», mara nyingi hawakufukuzi; wanakueleza ukweli wa katiba yao.

Nakaa zaidi kwenye fedha, kwa kuwa ndiyo kiini cha hofu yako. Kila mwaka jimbo hukokotoa kiasi cha chini kinachotakiwa kutumika kwa wanafunzi wa wilaya, kwa kanuni iliyotokana na sheria ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 2019. Kisha huangalia thamani ya majengo na ardhi ya kila mji pamoja na vipato vya wakazi wake, na kutaja kiwango ambacho mji huo unapaswa kuchangia kwa uchache. Pengo linalobaki jimbo hulijaza kwa ruzuku, ambayo kwa wilaya ya kanda huenda moja kwa moja kwa wilaya. Ingekuwa shule zinatumia kiwango cha chini tu, mambo yangeishia hapo. Lakini wazazi wa miji hii minne hawajawahi kuridhika na kiwango cha chini, hivyo kila mwaka kuna kiasi cha ziada, na ugomvi wote unahusu namna ya kukigawa. Je, kigawanywe kwa idadi ya wanafunzi wa kila mji? Kwa utajiri wa kila mji? Kwa wastani wa miaka kadhaa, ili mji mdogo usiumizwe na mwaka mmoja ambapo familia tano zimehamia?

Usidhani ni swali la kihesabu tu. Katika mji mdogo kama Shutesbury, familia kumi zenye vijana zikihamia kwa mwaka mmoja, mchango wa mji unaweza kupanda ghafla, ilhali kodi ya majengo, ambayo ndiyo mfuko mkuu wa miji hii, imefungwa breki tangu mwaka 1980. Mwaka huo wapiga kura wa jimbo walipitisha sheria inayozuia jumla ya kodi hiyo kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiacha majengo mapya, isipokuwa wananchi wenyewe wapige kura kuruhusu zaidi. Gharama za shule, hasa bima za afya za watumishi, mishahara na huduma kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, hazina breki hiyo. Ongeza kwamba Shutesbury ni msitu na nyumba, haina viwanda wala maduka ya maana ya kubeba sehemu ya mzigo, na kwamba Amherst, pamoja na ukubwa wake, ina eneo kubwa la chuo kikuu cha jimbo na vyuo binafsi ambalo kwa sehemu kubwa halilipi kodi ya majengo. Miji yote minne, kila mmoja kwa sababu yake, inajiona inalipa kupita uwezo wake, na kwa maoni yangu yote minne ina haki ya kulalamika. Wewe mpangaji nawe umo: kodi ya jengo hukatwa kwa mwenye nyumba, naye huijumlisha katika pango lako.

Sasa bajeti inavyopita. Kamati ya shule ya kanda, ambayo ina wajumbe kutoka miji yote minne na wa Amherst ndio wengi, huandaa bajeti na lazima iipitishe kwa theluthi mbili ya wajumbe wake. Kisha kila mji hupelekewa mchango wake. Amherst, ambayo iliacha mkutano mkuu wa wananchi mwaka 2018, huupitisha kwa baraza lake la wajumbe 13. Miji mitatu iliyobaki bado hukusanya wapiga kura wote ukumbini, na ukiwahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji Tanzania hutashangazwa na lolote isipokuwa viti vya chuma na kahawa. Zingatia kwamba mkutano hupigia kura jumla ya fedha tu. Hauwezi kusema «futeni mpira, bakizeni muziki». Mgawanyo wa ndani ni wa kamati. Ukipitisha pungufu ya kiasi kilichoombwa, sheria inahesabu kwamba umekataa.

Bajeti ya wilaya yenye miji zaidi ya miwili hupita ikikubaliwa na theluthi mbili ya miji. Kwa miji minne maana yake ni mitatu. Shutesbury ikikataa peke yake na mingine mitatu ikakubali, bajeti imepita na Shutesbury italipa. Ila kuna mlango wa pili ambao watu wengi hawauoni. Kama kamati inataka kugawa michango kwa kanuni tofauti na ile ya kisheria ya jimbo, jambo ambalo wilaya hii imekuwa ikilifanya, kanuni hiyo inahitaji ridhaa ya miji yote bila kupungua hata mmoja. Kwa hiyo Pelham, yenye watu wapatao 1,300, inaweza peke yake kuizuia kanuni ambayo Amherst nzima imeikubali. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa dhuluma kwa walio wengi. Mimi naliona kuwa ndiyo bei ya ndoa: miji midogo isingeingia kamwe kama isingeachiwa kauli katika jambo la mfuko wake.

Na ikikataliwa na miji miwili? Kamati hurudi mezani, ina siku 30 za kuirekebisha na kuipeleka upya. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kama wetu Tanzania, na ikifika siku hiyo bila bajeti, kamishna wa elimu wa jimbo huidhinisha kiasi ambacho wilaya itatumia kila mwezi, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya bajeti ya mwaka uliotangulia, au zaidi akiona inafaa. Ikifika Desemba 1 bado hakuna mwafaka, idara ya elimu ya jimbo inashika usukani wa fedha za wilaya. Katika hatua zote hizo milango ya shule inabaki wazi. Kinachoweza kumgusa binti yako ni kingine, nacho ni kupunguzwa kwa watumishi: darasa la lugha lisilofunguliwa, mshauri mmoja kuhudumia wanafunzi wengi zaidi, somo la hiari kufutwa. Idadi ya wanafunzi wa wilaya hiyo imepungua kwa miaka mingi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya magharibi mwa jimbo, na ruzuku hufuata idadi. Hivyo mapunguzo ya namna hiyo hutokea hata katika miaka ambayo bajeti imepita bila kelele.

Kuhusu mkuu wa shule: humwajibishi kwa kupitia mji, wala yeye hawajibiki kwa diwani yeyote. Tangu mageuzi ya mwaka 1993 ngazi ziko hivi. Kamati humwajiri msimamizi mkuu, hutunga sera na kupitisha bajeti. Msimamizi mkuu huwateua wakuu wa shule. Mkuu wa shule huajiri walimu kwa idhini ya msimamizi mkuu. Mjumbe wa kamati hana mamlaka ya kumwamuru mwalimu abadilishe alama, na mzazi anayemkimbilia mjumbe kabla ya kuonana na mwalimu hupoteza muda na heshima. Anza na mwalimu, kisha mkuu wa shule, kisha msimamizi mkuu. Suala likiwa ni la haki ya kisheria, kwa mfano mtoto kunyimwa huduma ya lugha, unaweza kupeleka malalamiko kwa maandishi katika idara ya elimu ya jimbo, ambayo ina utaratibu maalumu wa kuyashughulikia.

Hukuuliza kuhusu darasa atakaloingia, lakini utaulizwa, na hapa ujiandae. Miaka saba ya msingi na miwili ya sekondari ni miaka tisa, kwa hiyo hoja yako ya haki ni darasa la kumi. Shule hata hivyo huangalia masomo aliyoyamaliza moja moja na kuyapa alama za kuhitimu, wala haitazami miaka peke yake. Bila karatasi, mtoto wa kidato cha pili anaweza kurudishwa la tisa. Beba ripoti za mihula yote, matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na barua ya shule inayotaja masomo na vipindi kwa wiki. Ongeza cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, na uthibitisho wa makazi kama mkataba wa pango na bili ya umeme. Katika usajili mtajaza fomu ya lugha inayozungumzwa nyumbani. Andikeni Kiswahili bila woga. Atapimwa Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada atapewa kisheria bila malipo. Wewe nawe unayo haki ya mkalimani katika vikao muhimu. Wazazi wengine huficha lugha wakidhani mtoto atadharauliwa, kisha mtoto anazama katika fasihi ya Kiingereza bila mtu wa kumshika mkono.

Cheti chake hakitatoka kwenye baraza la mitihani la taifa. Hakuna NECTA huko. Cheti cha kuhitimu hutolewa na wilaya ya shule, kwa masharti iliyoyaweka yenyewe kuhusu masomo ya kumaliza. Mtihani wa jimbo wa darasa la kumi, wa Kiingereza, hisabati na sayansi, bado upo na atapaswa kuufanya, lakini wapiga kura waliufuta kama sharti la kuhitimu katika kura ya Novemba 2024. Matokeo yake ni kwamba alama za kila siku, kazi za nyumbani na mahudhurio vina uzito kuliko alivyozoea. Mwanafunzi wa kwetu aliyefundishwa kusubiri mtihani wa mwisho huamka mwezi wa tatu na kukuta nusu ya alama zimekwisha kupotea. Muulizeni pia mshauri wake kama kuna njia ya kupimwa Kiswahili kwa ajili ya muhuri wa jimbo wa umilisi wa lugha mbili, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017.

Usafiri usikutie shaka: wilaya ya kanda inawajibika kuwasafirisha wanafunzi wake, na jimbo huirejeshea sehemu ya gharama kwa wale wanaokaa zaidi ya maili moja na nusu kutoka shuleni. Basi la njano litapita. Litapita mapema sana, na wakati wa theluji litachelewa. Kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni ni bure kwa kila mwanafunzi wa jimbo hilo tangu sheria ya mwaka 2023.

Mwisho, huo mkutano wa mji. Kwa kuwa si raia huwezi kupiga kura, lakini mkutano ni wa wazi, na asiye mpiga kura hukaa sehemu yake na anaweza kuomba ruhusa ya kusema. Vikao vya kamati ya shule navyo viko wazi, hutangazwa angalau saa 48 kabla bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na kwa kawaida huwa na muda wa kusikiliza wananchi. Kuna pia baraza la shule yenyewe, ambalo mkuu wa shule hukaa na wazazi na walimu kujadili mpango wa maendeleo na bajeti ya shule, na ujumbe wa wazazi humo hauulizi uraia. Nikiwa mahali pako ningekwenda kwenye mkutano wa Shutesbury mwaka huu kusikiliza tu, ningeketi karibu na wale majirani, na ningewauliza wanakataa nini hasa: ukubwa wa bajeti, au kanuni ya mgawo. Bajeti hawawezi kuiangusha bila mji mwingine. Kanuni wanaweza, peke yao.